Kupima seliaki kwa kingamwili za damu: mwongozo kamili, kuanzia mkate wa asubuhi hadi karatasi ya majibu

Kipimo cha seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, kinaweza kuharibika jikoni, wiki kadhaa kabla sindano haijagusa mkono. Mtu anasumbuliwa na tumbo kwa miezi, anasikia kwamba ngano ndiyo yenye matatizo, anaacha mkate na tambi, anapata nafuu, kisha ndipo anakwenda kupimwa ili awe na uhakika. Majibu yanarudi hasi. Anaambiwa hana seliaki, na maabara haikukosea hata kidogo: mashine imesoma sawasawa damu ambayo haikuwa tena na cha kusomwa.

Mwongozo huu unafuata safari nzima ya kipimo hicho: maandalizi, vipimo vya kuomba, kinachofanyika maabara, namna ya kusoma majibu na kinachofuata. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Unakuwezesha kumuuliza maswali yanayostahili, na kugundua kama kuna hatua imerukwa.

Kwanza, tunatafuta nini kwenye damu?

Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Kichocheo chake ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye seliaki akila gluteni, kinga yake hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula husinyaa, ukuta unakuwa bapa, na madini ya chuma, foleti, kalsiamu na vitamini D vinapita bila kufyonzwa ipasavyo. Katika nchi nyingi zilizofanya uchunguzi, ugonjwa huu unakadiriwa kuwapata watu wapatao 1 katika kila 100, na wengi wao hawajui kuwa wanao.

Wakati wa mashambulizi hayo mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika shabaha maalumu, na sehemu ya kingamwili hizo huingia kwenye damu. Maabara hutafuta aina tatu.

Ya kwanza, na iliyo muhimu kuliko zote, hulenga kimeng'enya cha mwili kiitwacho transiglutaminase ya tishu. Kwenye karatasi utaiona kama tTG au TG2. Ya pili, EMA, hulenga endomisiamu, utando mwembamba unaozunguka nyuzi za misuli. Ya tatu, DGP, hulenga vipande vya gliadini, sehemu mojawapo ya gluteni, ambavyo kimeng'enya kile kile cha tTG kimekwisha kuvibadilisha umbo la kikemia.

Kwa miaka kadhaa madaktari walitumia EMA bila kujua hasa kingamwili hizo zinashika nini kwenye utando ule. Mwaka 1997 watafiti wa Ujerumani, wakiwemo Walburga Dieterich na Detlef Schuppan, walionyesha kuwa shabaha yenyewe ni tTG. Kwa hiyo EMA na tTG ni njia mbili za kuitafuta kingamwili ile ile, moja kwa darubini na nyingine kwa mashine. Kumbuka jambo hili, litakufaa tutakapofika kwenye majibu yanayopingana.

Kila mojawapo ya kingamwili hizi inaweza kuwa ya kundi la IgA au la IgG. IgA ndiyo inayotengenezwa kwa wingi kwenye kuta za utumbo, na ndiyo maana vipimo vya mstari wa mbele ni vya IgA.

Hatua ya 1: Endelea kula gluteni

Najua inasikika vibaya kumwambia mtu anayeumwa aendelee kula kinachomuumiza. Lakini kingamwili hizi huzalishwa kwa sababu gluteni ipo. Ukiiondoa, zinaanza kupungua ndani ya wiki chache na kwa watu wengi hupotea kabisa kadiri miezi inavyokwenda. Kupima wakati huo ni kutafuta moshi kwenye jiko lililokwisha kuzimwa.

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unataka mtu awe anakula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kupimwa. Kwa mtu ambaye hajabadilisha chakula chake, hilo halihitaji maandalizi yoyote: anaendelea kula kama kawaida, basi. Anayekula ngano kidogo sana kwa mazoea tu, labda kwa kuwa chakula chake kikuu ni wali au mahindi, naye yumo hatarini kupata hasi ya uongo. Amweleze daktari kabla ya kutoa damu, wasije wakasubiri majibu yenye utata.

Usiache gluteni hata siku damu ilipokwisha kuchukuliwa. Safari bado, na huenda ukahitaji biopsi, yaani kuchukuliwa vipande vidogo vya ukuta wa utumbo ili vichunguzwe, ambayo nayo hudanganyika vile vile.

Hatua ya 2: Ujue kama unastahili kupimwa

Picha iliyozoeleka ni ya mtu mwenye kuhara, tumbo kujaa gesi na kukonda. Wagonjwa wa namna hiyo wapo, lakini watu wazima wengi hawafanani na picha hiyo. Kinachowaleta hospitali ni upungufu wa damu wa kukosa madini ya chuma usiokwisha hata wakimeza vidonge, uchovu wa muda mrefu, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, mifupa kudhoofika kabla ya umri wake, vimeng'enya vya ini kupanda bila sababu inayoonekana, mimba kuharibika mara kwa mara, ganzi ya miguu au kupoteza uwiano wakati wa kutembea. Kuna pia vipele vya malengelenge vinavyowasha kupita kiasi viwikoni, magotini na matakoni, na hivyo ni seliaki inayojitokeza kwenye ngozi. Kwa mtoto, angalia kudumaa, kubalehe kuchelewa, tumbo kutokeza, na meno ya ukubwani kuota yakiwa na kasoro kwenye tabaka lake la nje.

Wapo wanaostahili kupimwa hata bila dalili: wenye kisukari cha aina ya 1, wenye magonjwa ya tezi ya shingo yanayotokana na kinga ya mwili, wenye hali za Down na Turner, na ndugu wa karibu wa mgonjwa, yaani wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa naye.

Hatua ya 3: Omba vipimo viwili kwa pamoja

Fomu ya maabara iwe na vitu viwili: tTG-IgA na jumla ya IgA. Hapa ndipo ninapoona uzembe ambao ungeepukika kirahisi, kwa sababu jumla ya IgA ni kipimo rahisi na mara nyingi husahaulika.

Sababu yake ni hii. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha. Wengi wao hawana shida yoyote ya kiafya na hawajui kuwa wako hivyo. Mtu wa namna hiyo akiwa na seliaki, kipimo chochote cha IgA kitatoka hasi, kwa kuwa IgA yenyewe haipo. Na upungufu huu unapatikana zaidi kwa wenye seliaki kuliko kwa watu wengine: kati ya wagonjwa wa seliaki, takriban 2 hadi 3 katika kila 100 wanao. tTG-IgA hasi bila kujua jumla ya IgA, kwa maoni yangu, ni jibu la nusu.

Ikiwa jumla ya IgA ni pungufu kabisa, kwa kawaida chini ya gramu 0.07 kwa lita, yaani miligramu 7 kwa desilita, maabara inapaswa kuhamia kwenye vipimo vya IgG: DGP-IgG, tTG-IgG au EMA-IgG. Baadhi ya maabara hufanya hivyo zenyewe kwa sampuli ile ile, nyingine husubiri fomu mpya. Uliza mapema, usije ukatobolewa mara mbili.

Je, uombe kila kitu kwa mkupuo mmoja, tTG, EMA na DGP, za IgA na za IgG? Hapana. Vipimo vingi kwa mtu asiye na upungufu wa IgA huongeza uwezekano wa kimojawapo kutoka chanya kwa bahati mbaya, na ukishapata chanya moja dhaifu katikati ya hasi nne, unaanza kuhangaishwa na jambo lisilokuwepo. Anza na viwili. Vingine viingie kwa sababu.

Hatua ya 4: Siku ya kutoa damu

Hakuna haja ya kufunga kula, isipokuwa kama kuna vipimo vingine vya damu siku hiyo vinavyodai hivyo. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa mkono, mililita chache tu, na huwekwa kwenye tyubu ya seramu, mara nyingi yenye kifuniko chekundu au cha rangi ya dhahabu.

Kabla ya kutobolewa, taja mambo matatu. Dawa zinazopunguza nguvu ya kinga ya mwili, kama prednisoloni au azathiopurini, kwa sababu zinaweza kushusha kingamwili. Vidonge vya biotini vya dozi kubwa, ambavyo watu humeza kwa ajili ya nywele na kucha, kwa kuwa huvuruga baadhi ya mashine za maabara. Na kama umewahi hivi karibuni kuwekewa imunoglobulini kwa mshipa, kwa sababu IgG za watu wengine zilizo ndani yake zinaweza kuonekana kama zako.

Hatua ya 5: Kinachofanyika maabara

Unaweza kuruka sehemu hii, lakini mwenye kuielewa hasumbuliwi sana na namba.

Damu huachwa igande kwa takriban nusu saa, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye sentrifuji. Chembe zinashuka chini, juu inabaki seramu ya rangi ya majani makavu. Hiyo ndiyo inayopimwa. Kingamwili si dhaifu: seramu ikiwekwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 hudumu siku kadhaa, na kwa muda mrefu zaidi hugandishwa. Sampuli yenye chembe nyekundu zilizopasuka au yenye mafuta mengi inaweza kukataliwa, na hapo utaitwa urudi.

Kipimo cha tTG hufanywa mara nyingi kwa njia ya ELISA au kwa mashine zinazotumia kanuni hiyo hiyo. Kuna sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, na sakafu ya kila kishimo imepakwa kimeng'enya cha tTG. Seramu huzimuliwa, humiminwa kwenye vishimo na kuachwa itulie. Kama kuna kingamwili za tTG, zitanata kwenye sakafu. Kisha sahani huoshwa ili kila kisichonata kiondoke. Uoshaji huu unaonekana mdogo lakini ndio unaoamua ubora wa kazi, maana mabaki hutoa chanya ya uongo. Baada ya hapo huwekwa kingamwili nyingine iliyotengenezwa kiwandani, inayoshika IgA ya binadamu, nayo imebebeshwa kimeng'enya cha kutoa rangi. Sahani inaoshwa tena, kisha kinaongezwa kimiminika kinachogeuka rangi. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo kingamwili zilivyo nyingi. Mashine hupima mkolezo huo, huulinganisha na sampuli za kulinganishia ambazo kiwango chake kinajulikana, na kutoa namba.

Namba hiyo ina kipimio chake, na hapa pana mtego: kipimio cha mtengenezaji mmoja si sawa na cha mwingine. Vizio 30 kwa kifaa kimoja vinaweza kuwa juu mara kumi ya kikomo, na kwa kingine vikawa mara moja na nusu tu. Kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya mtu mwingine aliyepimwa kwingine, wala na ya kwako ya mwaka jana kama ulibadilisha maabara.

EMA inafanywa kwa njia tofauti kabisa. Seramu humiminwa juu ya kipande chembamba sana cha tishu, kwa kawaida cha umio wa nyani au cha kamba ya kitovu cha binadamu. Kingamwili zikinata, huwekewa rangi inayong'aa, na mtaalamu hutazama kwa darubini maalumu. Chanya huonekana kama mtandao wa vijisanduku vinavyong'aa kuzunguka nyuzi za misuli. Ni kipimo kinachoaminika sana kinaposema chanya, lakini kinachukua muda, kina gharama zaidi, na kinategemea jicho la anayetazama. Ndiyo maana kimewekwa kuwa cha kuthibitisha, si cha kuanzia.

Hatua ya 6: Kusoma majibu

Usikimbilie neno chanya au hasi lililochapwa kwa herufi nzito. Tazama vitu vitatu kwa mpangilio huu: jumla ya IgA, namba ya tTG-IgA, na kikomo cha juu cha kawaida cha maabara hiyo. Kisha gawanya namba yako kwa kikomo. Jibu la kugawanya ndilo lenye maana kuliko namba yenyewe.

Tuchukue mfano. Kikomo cha maabara ni vizio 10. Mgonjwa wa kwanza ana 14, wa pili ana 128. Karatasi zote mbili zimeandikwa chanya. Wa kwanza yuko mara 1.4 ya kikomo, eneo ambalo chanya za uongo hupatikana: kisukari cha aina ya 1, ugonjwa wa ini wa kinga ya mwili, maambukizi ya muda, hata moyo kushindwa kufanya kazi vizuri vinaweza kuinua tTG kidogo hivyo. Wa pili yuko karibu mara 13, na katika eneo hilo uwezekano wa kutokuwa na seliaki ni mdogo mno. Hawa wawili hawapaswi kutendewa sawa, ingawa neno kwenye karatasi ni moja.

Sasa hali moja baada ya nyingine.

tTG-IgA chanya kwa mbali. Kama imevuka mara 10 ya kikomo, EMA hufanywa kwa sampuli ya pili ya damu, iliyochukuliwa siku nyingine. Sababu ya kutaka damu mpya ni kuondoa uwezekano kwamba tyubu zilichanganywa. Hatua inayofuata inategemea umri, tutaifikia.

tTG-IgA chanya kidogo. Fanya EMA. EMA ikiwa chanya, nenda kwa mtaalamu wa tumbo. EMA ikiwa hasi, usiifute seliaki moja kwa moja wala usianze mlo usio na gluteni. Kwa mtu asiye na dalili, hasa mtoto mwenye kisukari cha aina ya 1, kurudia kipimo baada ya miezi kadhaa huku akila gluteni ni njia ya busara, kwa kuwa viwango vidogo wakati mwingine hushuka vyenyewe. Kwa mwenye dalili nzito, biopsi haisubiri.

Na kama tTG ni chanya na EMA ni hasi, mtu huuliza: ipi inasema kweli? Kumbuka zote zinaitafuta kingamwili ile ile. Mashine inashika hata kiasi kidogo na hata kinachofanana nacho, darubini haishiki kiasi kidogo hivyo lakini haidanganyiki kirahisi. Kwa hiyo tofauti hiyo mara nyingi inaonyesha ama seliaki iliyo mwanzoni ama chanya ya uongo, na wakati au biopsi ndivyo vitakavyoamua.

tTG-IgA hasi, jumla ya IgA ya kawaida, na ulikuwa ukila gluteni vya kutosha. Seliaki haielekei kuwepo. Haielekei, sijasema haipo. Wachache wana utumbo uliojeruhiwa na damu iliyo kimya, hasa pale jeraha linapokuwa dogo. Ikiwa dalili zinashawishi sana, mtaalamu anaweza kuomba biopsi licha ya hasi.

tTG-IgA hasi na jumla ya IgA pungufu. Jibu hili halina thamani mpaka vipimo vya IgG vifanyike. Na IgG zikitoka chanya, bado kinahitajika kitu cha kuzithibitisha, kwa kuwa hazina uhakika wa kiwango cha tTG-IgA.

DGP-IgG peke yake chanya kwa mtu mwenye IgA ya kawaida na tTG hasi. Hii inasumbua watu wengi bila sababu. Mara nyingi ni chanya ya uongo. Ijadiliwe na mtaalamu, lakini usitupe mkate bado.

Hatua ya 7: Biopsi, na nani anaweza kuikwepa

Kwa mtu mzima, njia iliyozoeleka baada ya damu chanya ni endoskopi: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo huchukuliwa. Idadi ina uzito. Jeraha la seliaki huwa na mabaka, hivyo kipande kimoja kinaweza kutoka mahali pazima. Inatakiwa angalau vipande 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, yaani huo mwanzo wa utumbo mwembamba, pamoja na 1 au 2 kutoka sehemu yake ya mwanzo. Uliza kabla ya siku hiyo vitachukuliwa vingapi, hakuna ubaya. Majibu hupangwa kwa ngazi za Marsh, kuanzia 0 isiyo na jeraha hadi 3, ambapo vinyweleo vimesinyaa au vimetoweka.

Biopsi nayo haijitegemei. Vinyweleo husinyaa pia kwa sababu ya vimelea kama giadia, kwa baadhi ya dawa kama olmesatani ya shinikizo la damu, na kwa magonjwa mengine ya utumbo. Ndiyo maana biopsi yenye jeraha na damu isiyo na kingamwili inadai maswali zaidi kabla ya kumwambia mtu aishi bila ngano maisha yake yote.

Kwa watoto mambo yamebadilika. Chama cha madaktari wa tumbo la watoto cha Ulaya, ESPGHAN, kilifungua mlango mwaka 2012 na kuupanua mwaka 2020: mtoto mwenye tTG-IgA inayofikia au kuzidi mara 10 ya kikomo, na EMA-IgA chanya kwenye sampuli ya pili, anaweza kuthibitishwa bila biopsi, hata kama hana dalili, ilimradi wazazi na mtaalamu wamejadiliana na kukubaliana. Kwa mtoto aliye chini ya kiwango hicho, biopsi inabaki. Watu wazima walio juu ya mara 10 nao wanazidi kufikiriwa kwa njia hiyo katika baadhi ya nchi, lakini uamuzi huo ni wa mtaalamu anayekujua, hasa ukiwa na umri mkubwa au dalili za hatari kama kutokwa damu, ambapo endoskopi hutazama mengi zaidi ya seliaki.

Kama ulikwisha kuacha gluteni

Una njia mbili. Ya kwanza ni kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na HLA-DQ8, ambacho hakijali unakula nini. Kinatumika kufunga mlango tu. Karibu kila mwenye seliaki ana mojawapo ya jeni hizi, kwa hiyo zikikosekana zote, seliaki karibu haiwezekani na huna sababu ya kujitesa. Zikiwepo haithibitishi chochote: asilimia 30 hadi 40 ya watu katika jamii nyingi wanazo, na wengi wao hawataugua kamwe.

Ya pili, kwa wenye jeni hizo, ni kurudia gluteni kwa mpango. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni gramu 3 au zaidi za gluteni kwa siku, karibu vipande viwili vya mkate wa ngano, kwa wiki 6 hadi 8. Akishindwa kabisa kuvumilia, wiki 2 ni bora kuliko siku mbili, ingawa hasi ya wiki 2 haiaminiki na kipimo hurudiwa baadaye. Hili lifanywe chini ya daktari. Kwa watoto wa chini ya miaka 5, na kwa walio katika kasi ya ukuaji wa kubalehe, kwa kawaida hushauriwa lisubiri.

Vipimo vya kukataa

Kingamwili za gliadini za kizamani, AGA, zimepitwa. Usichanganye na DGP, majina yanafanana lakini uhakika haufanani. Vipimo vya mate, kinyesi na nywele havitambui seliaki. Orodha ndefu za IgG za vyakula mia moja zinaonyesha umekula nini, si unaumwa nini. IgE ya ngano hupima mzio, ugonjwa mwingine kabisa. Vifaa vya nyumbani vya tone la damu la kidoleni vingine hutafuta tTG kweli, ila vingi havipimi jumla ya IgA. Chanya ya nyumbani inakupeleka maabara, hasi haikuzuii kwenda.

Baada ya kuthibitishwa

Sasa ndipo gluteni inaachwa, yote, moja kwa moja, kwa msaada wa mtaalamu wa lishe. Kingamwili zile zile zinageuka kuwa kifaa cha ufuatiliaji. tTG-IgA hurudiwa baada ya takriban miezi 6, kisha miezi 12, kisha kila mwaka, katika maabara ile ile kwa sababu niliyoitaja. Aliyeanza na namba kubwa sana asitegemee kufika kawaida haraka: kwa wengine huchukua mwaka, kwa wengine miwili au zaidi. Kinachotazamwa ni mwelekeo wa kushuka.

Ikisimama mahali pamoja au ikipanda tena, mshukiwa wa kwanza ni gluteni inayoingia kwa siri: sosi za soya zilizotengenezwa kwa ngano, vinywaji vya kimea, soseji zenye unga, kikaango kimoja kwa vyakula viwili. Pitia jikoni kabla ya kulaumu maabara. Ila namba ya kawaida nayo haikuhakikishii kwamba utumbo umepona, wala haikamati kosa dogo la mara moja moja. Dalili zikiendelea huku tTG ikiwa chini, mtaalamu hutafuta sababu nyingine, pengine kwa biopsi ya pili.

Wakati huo huo waite wazazi, watoto na ndugu zako wapimwe, wenye dalili na wasio nazo. Uwezekano wao unakaribia mtu 1 kati ya 10. Kwa watoto, hasi ya leo haimalizi kazi, kwa sababu kingamwili zinaweza kuanza miaka baadaye: warudie kila baada ya miaka michache, au mara moja dalili ikijitokeza. Kwa ndugu ambao kupimwapimwa kunawachosha, HLA huokoa nguvu: asiye na DQ2 wala DQ8 anatoka kwenye orodha moja kwa moja. Na kama nyumba nzima imeamua kuacha ngano ili kukurahisishia maisha, wapimwe kabla hawajaanza.